FUKO WA KWETU SI YULE WA MTANDAONI: Nilivyopoteza hela na wiki 2 kabla ya kuelewa

Najua humu ndani tumezoea siasa na mpira, ila leo naomba tuongelee fuko. Ndiyo, fuko, yule mnyama wa ardhini anayefukua udongo. Usicheke, maana kama hajawahi kuingia kwenye majani ya kwenu hujui adha yake. Na kama ameingia, najua umeshakaa kwenye kompyuta ya kafe ukatafuta dawa, ukapata ushauri wa kila aina, na bado asubuhi unaamka unakuta vifusi vipya vinne.

Mimi yalinikuta mwaka jana, kwa hiyo nayaandika hapa ili mwingine asipite nilikopita.

ILIVYOANZA

Kwetu ni Arusha, upande wa Tengeru, chini ya Mlima Meru. Mama ana kiwanja pembeni ya nyumba, amepanda majani miaka mingi, anakodisha kwa shughuli: send-off, kipaimara, ubatizo, vikao vya harusi. Si ukumbi wa kifahari, ila ni hela inayolipa ada ya mdogo wangu. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, kazi hakuna, nikapewa jukumu la gadeni. Kumwagilia, kukata majani, kupanga viti.

Mvua za Machi zilipoanza nikaona kifusi kimoja cha udongo mwekundu katikati ya majani. Nikakisawazisha. Kesho yake vitatu. Baada ya wiki vilikuwa kumi na kitu, majani yamekauka kwa mistari, na ukikanyaga sehemu fulani mguu unazama. Kulikuwa na send-off imeshalipiwa nusu, bado wiki tatu. Fikiria bi harusi mtarajiwa na kiatu kirefu anazama kwenye shimo la fuko mbele ya kamati nzima. Mama akaniambia kitu kimoja tu: "Wewe si ndiye msomi? Kaa na kompyuta yako utafute."

Basi nikaenda kafe.

KOSA LANGU LA KWANZA: NENO NILILOTAFUTA

Kamusi inakwambia fuko kwa Kiingereza ni "mole". Nikaandika hivyo, nikapata kurasa kibao za Marekani na Uingereza. Wanasema: ua wadudu na minyoo kwenye udongo, fuko atakosa chakula atahama. Wengine wanasema mwaga mafuta ya mnyonyo. Wengine wanasema tia bazoka kwenye shimo. Wengine wanauza vijiti vya betri vya kutetemesha ardhi.

Nikanunua dawa ya wadudu, nikanunua mafuta ya mnyonyo, nikachanganya na sabuni nikanyunyiza kiwanja kizima. Kama 60,000 hivi zikaondoka. Fuko akaendelea na kazi yake kama vile nimemwagia maji ya kunywa.

Tatizo lilikuwa hili, na ndiyo hoja yangu yote ya leo: YULE SI MNYAMA MMOJA NA HUYU WETU.

Yule wa Ulaya na Marekani anakula minyoo na wadudu. Si jamii ya panya kabisa. Ana viganja vipana vya mbele kama koleo, anachimba navyo. Ana manyoya laini kama mahameli na macho madogo hata kuyaona ni shida. Jamii yake inaishi Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Huku Afrika kusini mwa Sahara hayupo porini.

Fuko wetu wa nyanda za juu, kuanzia Ethiopia, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi mpaka Kaskazini mwa Tanzania, ni mgugunaji, yaani ukoo wa panya. Wanasayansi wanamwita Tachyoryctes. Anachimba kwa meno! Yale meno mawili mawili ya mbele, marefu, ya rangi ya chungwa, yametokeza nje ya midomo, kwa hiyo anaweza kuguguna udongo bila kuumeza. Na chakula chake si minyoo. Anakula mizizi, viazi, karoti, migomba michanga, na mizizi ya majani yako.

Sasa angalia upuuzi nilioufanya. Nilitumia hela kuua wadudu ambao yeye hawali. Ni sawa na kumfungia ng'ombe bucha.

Kama unataka kutafuta mtandaoni, usiandike "mole", andika "gopher". Huyo ni mgugunaji wa Amerika, wala si ndugu wa karibu wa fuko wetu, ila maisha yao yanafanana sana: anakula mizizi, anaishi peke yake kwenye handaki lake, na ukimfungulia shimo anakuja kuliziba. Ushauri wa kumzuia huyo unakubali huku kwetu kwa kiasi kikubwa. Neno moja tu lingeniokolea wiki mbili.

KOSA LA PILI, NA HILI LILIKUWA LINAUA

Mafuta yaliposhindwa, jamaa mmoja mtaani akaniambia: "Achana na mambo ya kizungu, nenda duka la pembejeo chukua vile vidonge vya mahindi, tumbukiza viwili kila shimo, funika. Kwisha habari." Nikaenda nikanunua.

Siku hiyohiyo Mama alikuwa amemwita mzee mmoja wa mlimani anayetega fuko kwenye mashamba ya watu. Akanikuta nimeinama na kikopo mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hicho ni nini?"

Nikamwonyesha. Akakiangalia, akaangalia kifusi, akaangalia ukuta wa nyumba. Akauliza, "Chumba kile pale nani analala?"

"Mdogo wangu."

"Na shimo hili unajua linaishia wapi?"

Sikuwa na jibu. Kutoka kile kifusi mpaka dirisha la mdogo wangu ilikuwa kama hatua tano. Mzee akasema, "Fuko naye hakuambii nyumba yake imepita wapi. Rudisha hicho."

Nilirudisha, ila nilikuwa nimenuna kidogo, nikaona mzee wa zamani ananizuia. Jioni nikaenda kafe kusoma. Jamani, niliishiwa nguvu.

Vile vidonge (aluminiamu fosfaidi) vikikutana na unyevu vinatoa gesi iitwayo fosfini. Gesi hiyo ndiyo inayoua wadudu kwenye mahindi. Inapita kwenye nyufa za ardhi, chini ya msingi, inaingia ndani. Ukishaivuta hakuna dawa ya kuiondoa mwilini, daktari anabaki kusaidia moyo na mapafu akiomba Mungu. Februari 2010 huko Utah, Marekani, watoto wawili wa nyumba moja walifariki baada ya dawa ya aina hii kuwekwa kwenye mashimo ya panya wa bustani nje ya nyumba yao. Na aliyeiweka alikuwa mtu wa kampuni, si kijana wa mtaani kama mimi. Mwaka huohuo serikali yao ikapiga marufuku kuitumia kwenye mashimo ya makazi ya watu, na kwenye majengo mengine yanayotumiwa na watu ikataka umbali wa futi 100, yaani kama mita 30.

Mita 30! Mimi nilikuwa hatua tano kutoka kitanda cha mdogo wangu.

Kwa hiyo mdau, kama kuna kitu kimoja utakachokumbuka kwenye makala hii, kiwe hiki: VIDONGE VYA NAFAKA HAVIWEKWI KWENYE SHIMO KARIBU NA NYUMBA. Hata kama jirani aliweka na hakuna kilichotokea. Na ukivikuta nyumbani, usivihifadhi chumba cha kulala.

Wakati huohuo niwataje na wengine: petroli kwenye shimo na kiberiti (utaunguza nyasi, na mkono wako), na maji ya mpira. Maji nilijaribu mwenyewe. Udongo wetu wa volkano unanyonya, na fuko akisikia maji anaziba njia kwa udongo, anakaa upande wa pili mkavu. Nilimaliza tenki, nikapata matope tu.

NYUMBA YA FUKO IKOJE

Mzee alinifundisha kusoma ardhi kabla hajatega chochote. Mwanzoni niliona anapoteza muda, kumbe ndipo penye kazi.

Fuko mmoja, nyumba moja. Hawakai kundi. Dume na jike wanakutana kwa ajili ya uzazi, halafu kila mtu kwake, na mama anakaa na watoto mpaka wakue kidogo. Kwa hiyo vifusi kumi na tano havina maana ya fuko kumi na tano. Inawezekana ni mmoja au wawili. Hili lilinipa moyo sana, maana nilishaona kama jeshi limepiga kambi.

(Wale wa Kusini Magharibi, Zambia na Kongo angalieni: huko kuna fuko wengine wanaoishi kifamilia, jenasi yao ilipewa jina Fukomys mwaka 2006, na hilo jina limetoka kwenye neno letu hilihili, fuko. Ukimnasa mmoja wa hao usishangilie, bado ndugu zake.)

Ndani kuna njia za kutafutia chakula, hizi ziko juu juu, kama shubiri moja hivi kwenda chini. Halafu kuna chumba kirefu zaidi ambapo anatandika majani makavu analala, anaweka akiba ya chakula, na ana kona yake ya choo. Kifusi unachokiona si mlango wa kuingilia. Ni udongo aliousukuma nje, kisha akapaziba. Ndiyo maana ukichimba katikati ya kifusi hukuti kitu. Njia yenyewe iko kati ya kifusi na kifusi.

Na tabia yake kubwa, ile ambayo mtego wote umesimama juu yake: HAPENDI NYUMBA YAKE IWE WAZI. Ukitoboa njia, hewa na mwanga vikiingia, atakuja kuziba. Hiyo ndiyo nafasi yako.

HATUA KWA HATUA

1. Sawazisha vifusi vyote jioni kwa reki. Kesho asubuhi angalia vipya viko wapi. Hapo ndipo alipo sasa hivi. Usitege kwenye kifusi cha zamani, utamtegea mtu aliyehama.

2. Chukua kijiti kirefu chembamba, dunga ardhi taratibu kati ya vifusi viwili vipya. Kijiti kikizama ghafla, umepata njia.

3. Fungua kwa panga au jembe dogo, shimo dogo tu, kiasi cha mkono kuingia. Utaona midomo miwili ya handaki, mmoja huku mwingine kule. Safisha udongo ulioangukia ndani. Hujui atatokea upande gani, kwa hiyo unatega pande zote mbili.

4. Mtego wa mzee ni rahisi, hauna hata bati. Fimbo ya kunepa inachomekwa ardhini pembeni. Kwenye ncha ya fimbo kuna kitanzi cha waya mwembamba kinachowekwa kwenye mdomo wa handaki, kimelala vizuri kuzunguka ukuta wake. Nyuma ya kitanzi kidogo, yaani upande wa nje, unapitisha kamba ya mgomba kukatiza njia, na kamba hiyo ndiyo iliyoshikilia fimbo ikiwa imepinda. Fuko anakuja kuziba, kichwa kinapita kwenye kitanzi, anakutana na kamba, anaiguguna au anaisukuma na udongo. Kamba ikiachia, fimbo inafyatuka, kitanzi kinakaza. Mzee anaweka na kipande cha kiazi kitamu karibu na kamba, anasema ni "kumkaribisha mgeni".

5. Kagua asubuhi na jioni. Usimwache mnyama anateseka siku nzima. Ukimkuta yuko hai mmalizie haraka. Na usimshike kwa mkono mtupu, yale meno yanakata mizizi ya mti, sembuse kidole.

6. Ukishamnasa, usiache handaki. Lifukue, ulikanyage, ulijaze. Nyumba tupu ya fuko haikai bila mpangaji, mwingine wa jirani akiikuta anahamia bila hata kulipa kodi.

Sisi tulinasa watatu kwa siku tisa. Wa kwanza alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria, kama robo kilo hivi, kahawia, mkia mfupi, macho kama punje za mtama. Nilimwangalia nikaona aibu kidogo. Huyu ndiye aliyenitoa jasho! Mzee alilipwa kwa kichwa, na alimpanga kila mmoja kwenye ukuta ili Mama ahesabu. Baadaye nikasoma kwamba watega fuko wa Uingereza nao walikuwa na desturi ya kuwaning'iniza kwenye uzio ili mwenye shamba ahesabu. Wanyama tofauti, mafundi wanafanana.

KUZUIA ASIRUDI

Kutega ni kupunguza. Fuko wa jirani bado yupo, na majani yako yaliyomwagiliwa, udongo laini, mizizi mitamu, kwake ni kama hoteli. Dawa ya kudumu ni wavu wa chuma. Unachimba mtaro kuzunguka eneo, kina kama futi mbili, unasimamisha wavu wenye matundu madogo yasiyopitisha kidole gumba, chini unaukunja kuelekea nje. Ni gharama, sitaki kuwadanganya. Sisi tumefanya upande wa shamba la migomba tu, ambako ndiko walikokuwa wanatokea. Kama ndiyo kwanza unapanda majani, weka wavu kabla, utanishukuru.

Kuhusu mimea: wengi wanapanda utupa pembezoni mwa shamba wakisema fuko anaukimbia. Mzee wetu naye anao kwake, lakini nilipomuuliza kama unafanya kazi akacheka, akasema, "Ningekuwa nauamini ningekuja na mtego?" Ukiupanda, kumbuka ni mmea uleule wa kulewesha samaki, usiuache karibu na bwawa wala mto.

Paka anasaidia kidogo. Bundi anasaidia, maana fuko kuna wakati anatoka juu. Kwa hiyo ukimwona bundi usimpige mawe eti mchawi, yuko kazini kwako bila mshahara.

Na tuwe wakweli, si kila fuko ni wa kuuawa. Kama yuko porini au kwenye kona isiyo na kitu, mwache. Anageuza udongo, maji yanaingia ardhini. Kule milima ya Bale, Ethiopia, kuna fuko mkubwa ambaye ni chakula kikuu cha mbweha adimu wa huko, na asingekuwepo yule mbweha angekuwa matatani. Ugomvi wangu na fuko ulikuwa wa kiwanja kimoja tu chenye ada ya mtoto.

MWISHO WA SIKU

Send-off ilifanyika. Majani hayakuwa mazuri kama picha za mtandaoni. Tulichukua ukoka kutoka nyuma ya nyumba tukapandikiza kwenye mabaka, na pale palipokuwa pabovu zaidi tukaweka meza ya keki ili watu wasipite. Hakuna aliyezama. Mama hakunisifia, alisema tu, "Kumbe unaweza," na kwa Mama yangu hiyo ni shahada ya pili.

Ila usiku ule sikuwa nafikiria majani. Nilipita dirishani kwa mdogo wangu nikamkuta amelala fofofo, nikakumbuka kikopo. Mtandao ulinipa majibu ya mnyama wa nchi nyingine, mtaa ukanipa sumu, na mzee ambaye hajawahi kugusa kompyuta akauliza swali moja la maana: nani analala pale? Mimi siwaambii mwache mtandao, hata haya mnayasoma humohumo. Nawaambia kabla hujafuata ushauri, hakikisha unamzungumzia mnyama yuleyule, kwenye ardhi ileile, na watu wanaolala juu yake.

Nawasilisha. Kama kwenu mnatega kwa namna nyingine, au wavu wenu una miaka kadhaa sasa na fuko hajarudi, tupia hapo chini kwenye maoni tujifunze. Na yule jamaa wa vidonge, kama unasoma hapa, sina ugomvi na wewe kaka. Ila usimwambie tena mtu.